Je, Wajua? Presha ya Mimba Huanzia kwenye Kondo

Je, wajua kwamba mwanamke anaweza kupata presha ya mimba bila kuwa na mtoto tumboni? Hutokea kwenye mimba zabibu, ile mimba iliyoharibika tangu kutungwa, ambamo kondo la nyuma hujaa maji na kufura mafungu mafungu, na mara nyingi hakuna mtoto wa kuonekana hata kwa picha ya ultrasaundi. Kondo lipo, mtoto hayupo, na bado presha inaweza kupanda, mkojo ukatoa protini na uso ukavimba. Tena hapa presha huweza kuja mapema, hata kabla ya wiki ya 20, wakati ambapo katika mimba nyingine huwa bado haijajitokeza. Daktari akisafisha mji wa mimba, presha hushuka. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo. Mtoto hayumo, na hasira za mama hazihusiki. Kilichomo ni kondo.

Nimeanzia hapo makusudi. Kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito, kuanzia Thika Level 5 hadi Ruiru Level 4, sababu zinazotajwa ni nyingine kabisa: chumvi, mawazo, mume asiyelala nyumbani, jirani mwenye kijicho. Mama anabebeshwa lawama juu ya mimba. Safu ya leo inataka kumtua mzigo huo na kumweleza kinachoendelea ndani ya mwili wake.

Je, wajua nambari zenyewe? Ni 140 ya juu au 90 ya chini, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa kupishana saa kadhaa, baada ya wiki ya 20, kwa mama ambaye hapo awali hakuwa na presha. Ikija peke yake huitwa presha ya ujauzito. Ikiandamana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba figo, ini, ubongo au damu vimeguswa, huitwa priklampsia. Ikifika 160 ya juu au 110 ya chini ni dharura ya kutibiwa saa hiyo hiyo, hata kama mama anaongea na kucheka. Akipatwa na degedege na kupoteza fahamu, hicho ndicho kifafa cha mimba. Duniani, priklampsia hugusa mimba 2 hadi 8 katika kila 100. Hapa Kenya, kati ya matatizo ya uzazi yanayoua akina mama, kutokwa na damu kunatangulia na presha ya mimba inafuata.

Je, wajua kondo ni la nani? Wengi watasema ni la mama. Sivyo. Mimba inapotungwa, seli za kwanza hugawana kazi: kundi moja linajenga mtoto, kundi jingine linajenga kondo. Kwa hiyo kondo ni sehemu ya mwili wa mtoto, lina nusu ya vinasaba kutoka kwa baba, na limejishikiza kwenye ukuta wa mama. Agikuyu wa zamani, wenyeji wa migongo hii ya Kiambu, walilipeleka kwenye shamba lisilolimwa wakalifunika kwa nafaka na nyasi. Baganda walilihesabu kuwa pacha wa mtoto. Siku hizi mkunga hulikagua kuhakikisha kwamba limetoka lote, kisha huenda kwenye shimo la kondo nyuma ya hospitali.

Likikomaa lina uzito wa gramu 500 hivi na upana wa sentimita 22 hivi. Ndani yake mna vijinyuzi laini visivyohesabika ambavyo, vikikunjuliwa vyote na kutandazwa, hufunika zaidi ya mita za mraba 10, kupita sakafu ya chumba cha futi kumi kwa kumi cha kupanga pale Kihunguro au Kiganjo. Damu ya mtoto hupita ndani ya vijinyuzi hivyo, damu ya mama huvioga kwa nje, na hazichanganyiki. Mwishoni mwa mimba, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika.

Je, wajua kwamba kondo hubomoa kuta za mishipa ya mama, na kwamba ni heri libomoe? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, kwa hiyo tutulie kidogo.

Damu ya mama huingia kwenye kondo kwa kupitia mishipa midogo ipatayo mia moja, iliyojisokota ndani ya ukuta wa mji wa mimba. Kabla ya mimba, mishipa hii ni myembamba na ina misuli. Mwili ukitoa amri ya kubana, inabana. Mishipa ya namna hiyo haiwezi kumlisha mtoto kwa miezi tisa. Basi tangu wiki za mwanzo, seli za kondo husafiri mpaka ndani ya mishipa hiyo, zikaondoa misuli yake na kujipanga mahali pake. Mdomo wa mshipa hupanuka mara kadhaa. Haubani tena, hata mama ashtuke namna gani. Damu inaingia taratibu, nyingi, bila kukatika.

Kazi hiyo ndiyo inayoharibika. Kwenye priklampsia, hasa ile inayojitokeza kabla ya wiki ya 34, seli za kondo huingia juu juu tu halafu zikakoma. Ndani zaidi, mishipa inabaki na misuli yake, ingali myembamba. Damu inapita kwa kasi na kwa kukatika katika. Kuta za mishipa mingine hujaa mafuta, mingine huziba, na sehemu ya kondo iliyokuwa ikitegemea mshipa ulioziba hufa. Walioeleza mambo haya kwa kuchunguza vipande vya ukuta wa mji wa mimba kwa hadubini ni Ivo Brosens wa Ubelgiji na wenzake wa Uingereza, Robertson na Dixon, katika kazi zao za miaka ya 1960 na ile ya 1972 ambayo madaktari wanairejelea hadi leo.

Kinachoniuma mimi ni kalenda. Kazi ya kupanua mishipa hufanyika kwa sehemu kubwa kabla ya wiki ya 20, na presha hujitokeza baada ya wiki ya 20. Mama wa Githurai anapoanza kuumwa na kichwa katika mwezi wa saba, chanzo cha ugonjwa wake kimekuwapo kwa miezi kadhaa, tangu siku ambazo hata majirani hawakujua kuwa ni mjamzito. Ugomvi wa juzi haukuuleta, wala samaki wa chumvi aliyemla Jumapili.

Je, wajua kondo lililo tumboni linaumizaje macho, figo na ubongo? Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba mhusika ni kondo lakini hawakujua anapitia njia gani. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi, daktari wa figo mjini Boston, Marekani, lilionyesha kwamba kondo lenye shida humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, kwa wingi uliopita kiasi. Mishipa yote mwilini ina utando laini wa ndani, na utando huo huishi kwa kutegemea vichocheo, vikiwamo VEGF na PlGF. Hiki cha pili hutengenezwa kwa wingi na kondo lenyewe. sFlt-1 huvikamata vichocheo hivyo vingali njiani. Utando ukivikosa unadhoofika, na mishipa inaanza kubana na kuvuja.

Ukifika hapo, dalili zote zinajieleza. Mishipa ikibana, presha inapanda. Vichujio vya figo vikivuja, protini inaingia kwenye mkojo. Mishipa ya ubongo ikivuja, mama anaumwa kichwa, anaona nyota, mwishowe anapata degedege. Ini likiguswa, maumivu huja chini ya mbavu za kulia. Karumanchi na wenzake waliwapa panya wajawazito protini hiyo, na panya wakapata presha, wakatoa protini kwenye mkojo, na figo zao zikaharibika kwa namna ile ile inayoonekana kwa akina mama wagonjwa.

Ugunduzi huo umezaa kipimo cha damu kinacholinganisha sFlt-1 na PlGF. Uingereza hutumia vipimo vya namna hiyo hospitalini, na Marekani iliidhinisha chake Mei 2023. Kliniki zetu za kawaida hutegemea mashine ya presha na kijiti cha mkojo. Msividharau. Mwingereza John Lever aliona protini kwenye mkojo wa akina mama wenye kifafa cha mimba mwaka 1843, katika Hospitali ya Guy's, London, na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akatengeneza mkanda wa kupimia presha mkononi mwaka 1896. Vifaa hivyo viwili, vikitumiwa kila kliniki, bado ndivyo vinavyogundua wengi.

Je, wajua nani yuko kwenye hatari zaidi? Mwenye mimba ya kwanza. Aliyewahi kuugua priklampsia. Mwenye mapacha, kwa kuwa kondo ni kubwa zaidi. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi, au presha ya tangu kabla ya mimba. Mnene kupita kiasi. Aliyepita miaka 35, na zaidi aliyepita 40. Aliyekaa zaidi ya miaka 10 bila kuzaa. Na yule ambaye mama yake au dada yake aliugua. Kama ulikuwa unameza enalapril au losartan kwa presha yako ya zamani, mweleze daktari mara tu unapojua una mimba, maana dawa hizo humdhuru mtoto. Akina mama wajawazito hupewa nyingine, kama methildopa, nifedipini au labetaloli.

Je, wajua kwamba Kampala imejibu swali ambalo Ulaya pekee isingeweza kulijibu? Seli za kondo zinapoingia kwenye ukuta wa mama, zinakutana na seli zake za kinga. Hizi huzikagua zile zenye vinasaba vya baba, na mapatano yao yana sehemu katika kuamua kondo litaingia kwa kina gani. Profesa Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kushirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge, alichunguza akina mama wa Hospitali ya Mulago waliougua priklampsia na wale wasiougua. Mwaka 2015 walitangaza kwamba kuna mkusanyiko wa vinasaba vya kinga unaomlinda mama, unaopatikana kwa Waafrika na haupatikani kwa Wazungu. Wazungu wana kinga yao ya kinasaba kingine. Mimi naona huo ni utafiti wa kujivunia katika Afrika Mashariki nzima, kwa sababu mama wa Ruiru hawezi kutibiwa milele kwa hesabu za wanawake wa London.

Huku kwetu, vituo vya Mariakani na Rabai katika Kaunti ya Kilifi vimo, pamoja na vya Gambia na Msumbiji, kwenye mtandao wa utafiti uitwao PRECISE, ambao nchini Kenya unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kazi yao ni magonjwa ya kondo: priklampsia, watoto wanaodumaa tumboni, na wanaozaliwa wafu. Wanahifadhi damu na vipande vya makondo ya akina mama wa Kiafrika ili vichunguzwe. Makondo hayo hayakwenda shimoni.

Je, wajua kwamba malaria nayo hupitia mlango huo huo? Thika na Ruiru hazina malaria nyingi, lakini mama wa Makongeni huenda Busia au Siaya kwenye mazishi, akakaa wiki mbili tatu, akarudi. Vimelea vya malaria kali hupenda kujificha kwenye kondo. Huko Muheza, Tanzania, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2006 walikuta kwamba kwa akina mama wa mimba ya kwanza, malaria ya kondo na presha huandamana, na ile protini ya sFlt-1 imepanda. Ukisafiri kwenda Busia au Siaya, chandarua kiwe kwenye mkoba.

Je, wajua kwamba kupunguza chumvi hakuzuii priklampsia? Wala kulazwa kitandani mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri akina mama wasilazimishwe lolote kati ya hayo mawili kwa ajili ya kuzuia ugonjwa huu. Vitamini C na E zilijaribiwa, hazikufua dafu.

Aspirini ndiyo iliyofua. Kwa dozi ndogo, kila siku, kwa mama aliye kwenye hatari. Utafiti mkubwa uitwao ASPRE, uliochapishwa 2017, uliwapa akina mama wa namna hiyo miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, na priklampsia inayolazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 ikapungua kwa zaidi ya nusu. Kenya ilishiriki katika utafiti mwingine, pamoja na nchi nyingine zikiwamo Kongo na Zambia, ambapo karibu akina mama 12,000 wa mimba ya kwanza walipewa aspirini ya miligramu 81 au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2020: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipungua kwa asilimia 11.

Lakini tazama tarehe. Aspirini inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, wakati kondo bado linahangaika na mishipa. Na sisi wanawake wa mji, mwenye kazi ya kiwandani Thika na mwenye kibanda pale Ruiru, wengi tunasubiri tumbo lionekane ndipo twende kliniki. Tunafika mwezi wa tano au wa sita, mlango huo umeshafungwa. WHO linataka ziara ya kwanza kabla ya wiki ya 12, na nane kwa jumla. Usijinunulie aspirini dukani kwa kubahatisha. Nenda mapema, umwulize muuguzi swali hili kwa mdomo wako: je, mimi ni wa kupewa aspirini?

Na kalisi? WHO linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa akina mama ambao chakula chao kina kalisi kidogo. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vingi, na wengi huviacha. Ndiyo maana habari ya Dar es Salaam ni njema: akina mama 11,000 wa huko na 11,000 wa India, wote wa mimba ya kwanza, walipewa ama miligramu 1,500 ama 500, na matokeo yaliyotoka mwanzoni mwa 2024 yakaonyesha kwamba kwa kuzuia priklampsia dozi ndogo haikuwa dhaifu kuliko kubwa. Mezani, kalisi iko kwenye maziwa, sukuma wiki, terere, na zaidi ya vyote omena anayeliwa mzima na mifupa yake. Omena wa soko la Makongeni si chakula cha kuonea haya.

Je, wajua kwamba miguu kuvimba jioni si dalili ya kutisha kwa mjamzito? Ikivimba kwa kusimama mchana na kupungua asubuhi, ni kawaida. Uso na mikono ikivimba ghafla, hadi pete haitoki, hiyo ni habari nyingine. Ogopa pia kichwa kinachogonga na kukataa Panadol, macho kuona ukungu au nyota, pumzi kukata, na mtoto kupunguza kucheza. Maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, yanawapoteza wengi: mama anadhani ni vidonda vya tumbo, ananunua dawa ya maji ya asidi, analala. Kumbe ini lake limeguswa na chembe za kugandisha damu zinapungua. Ukiwa na mimba iliyopita miezi mitano, maumivu ya mahali hapo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine hawaoni dalili yoyote. Presha iko 170 na yeye anapika chapati.

Afya ya mwili si kinga kamili. Mmarekani Allyson Felix, bingwa wa Olimpiki, alizalishwa kwa upasuaji katika wiki ya 32 mwaka 2018 kwa sababu ya priklampsia kali. Mwenzake katika timu ya kupokezana vijiti, Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alifariki 2023 akiwa na mimba ya miezi minane, na uchunguzi ulitaja kifafa cha mimba kati ya mambo yanayowezekana kuwa yalimuua.

Je, wajua kwamba presha inaweza kupimwa vibaya? Mama ameshuka matatu kwenye Barabara Kuu ya Thika, amepanda daraja la miguu, ameingia kliniki anahema, na papo hapo mkono unafungwa mkanda. Nambari hiyo haitegemeki. Keti dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umewekwa usawa wa moyo, usiongee. Kama mkono ni mnene, omba mkanda mpana, maana mkanda mdogo huipandisha nambari kwa uongo. Kisha hakikisha imeandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kama haijaandikwa, uliza kwa heshima. Ni haki yako kuijua.

Hata mtaani vipimo vimesogea. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii nchi nzima mikoba ya vifaa, na mashine ya presha imo. Kama unaishi Kiandutu au Gatongora, muulize mzee wa nyumba kumi mhudumu wenu ni nani.

Je, wajua tiba ya kweli ni ipi? Kulitoa kondo. Dawa za presha humlinda mama asipate kiharusi, lakini hazilirekebishi kondo. Kwa hiyo madaktari hupima mizani ngumu: mtoto abaki akomae, au atoke kabla mama hajaharibika. Presha isiyo kali, mama huzalishwa akifika wiki ya 37. Ikiwa kali, na wiki ya 34 imepita, huzalishwa mara anapotulizwa. Kabla ya hapo anaweza kulazwa chini ya uangalizi, akadungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Ukiambiwa mtoto atoke akiwa na miezi saba na nusu, usidhani wamekosa subira.

Kwa kuzuia degedege kuna magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Utafiti wa Magpie wa 2002, uliohusisha zaidi ya akina mama 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hudungwa kwenye mshipa, na mara nyingi kwenye makalio yote mawili, na inauma. Jamaa wakiona muuguzi anagonga goti la mgonjwa kwa nyundo, anahesabu pumzi na kupima mkojo kwenye mfuko, wasishangae: dawa ikizidi, goti ndilo la kwanza kunyamaza. Mama anayehamishwa kutoka kituo kidogo kwenda Thika Level 5, au kutoka Ruiru kwenda Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, anastahili kupata dozi ya kwanza kabla gari halijaondoka. Foleni ya Githurai haimjui mgonjwa.

Degedege likimkuta nyumbani, mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni. Haya si mapepo. Tafuteni gari.

Je, wajua kwamba hatari haiishi kondo likitoka? Protini lililomwaga hubaki kwenye damu kwa muda, na presha mara nyingi hupanda zaidi siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, wakati mama ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani na wageni wanaleta uji na njahi. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata kwa mama ambaye presha yake haikusumbua akiwa mjamzito. Hadi wiki ya 6, kichwa kikali ni cha kurudishwa hospitali. Anayemhudumia mzazi nyumbani, awe mama yake au shangazi, anapaswa kulijua hili kuliko anavyojua masharti ya chakula.

Na miaka ikipita? Aliyeugua priklampsia ana uwezekano wa karibu mara nne wa kupata presha ya kudumu, na karibu mara mbili wa ugonjwa wa moyo au kiharusi, kuliko mwenzake ambaye hakuugua. Kwa hiyo apime presha kila mwaka, hata mtoto akiwa sekondari, na kila daktari mpya aambiwe.

Je, wajua mwishowe kwamba mama mkwe naye ana la kusema? Kumbuka kondo lina nusu ya vinasaba vya baba. Utafiti uliofanywa jimboni Utah, Marekani, na kuchapishwa 2001, ulikuta kwamba mwanamume aliyezaliwa kwenye mimba yenye priklampsia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumpa mke wake mimba yenye priklampsia. Kijitabu cha kliniki hakina mahali pa kuandika habari hiyo, na muuguzi huuliza ya kwenu tu. Basi kabla ya ziara ya kwanza, mpigie simu: "Mama, ulipombeba baba watoto, presha ilikusumbua?" Akisema ndiyo, mtajie muuguzi jibu hilo siku ile ile unapomuuliza habari ya aspirini.